Meno ya watoto wa Dandora yaokolewe shuleni

Tangu 2023, mtoto anayesoma shule ya umma jijini Nairobi hulipa shilingi 5 akapata chakula cha mchana chini ya mpango wa Dishi na County. Gavana Johnson Sakaja huusifu mpango huo kila apatapo jukwaa, na wapinzani wake wameukosoa kwa mengi. Katika mabishano hayo yote ni nadra kusikia mtu akisema kwamba jikoni za mpango huo zimetatua nusu ya tatizo la afya ya kinywa ya watoto, nayo ni namna ya kuwakuta watoto wengi mahali pamoja, kila siku ya masomo, saa ileile. Nusu iliyobaki ni mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na dakika chache baada ya sahani kukusanywa. Hoja yangu ni kwamba kuoza kwa meno Dandora, na katika mitaa jirani ya Kariobangi, Korogocho na Kayole, hakutakomeshwa kwa kuongeza viti vya madaktari wa meno peke yake, ingawa viti hivyo tunavihitaji. Kutapungua pale floraidi itakapofika kwenye jino la mtoto kila siku akiwa shuleni, na pale wahudumu wa vituo vyetu vya afya watakapofunzwa kuziba matundu yangali madogo. Kaunti ina mamlaka ya kuanza yote mawili bila kusubiri Bunge.

Dandora ikitajwa katika habari za afya, kinachotajwa ni jaa la taka, na ni haki litajwe. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa 2007 uliwapima watoto 328 kutoka maeneo ya karibu na jaa hilo, na takriban nusu yao wakakutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Mbele ya habari kama hiyo, jino lililotoboka huonekana jambo dogo. Lakini ugonjwa huu mdogo ndio ulioenea kuliko yote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kuwa watu bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa karibu robo ya watoto na kwa theluthi moja hivi ya watu wazima, na miongoni mwa watoto wa miaka 5 hali ilikaribia nusu. Mengi ya meno hayo yalikuwa hayajatibiwa. Mtoto mwenye jino linalouma halali vizuri, hutafuna kwa upande mmoja na hamsikilizi mwalimu, lakini hakuna kamera ya televisheni inayomfuata nyumbani.

Jino haliozi kwa sababu ya mdudu anayelitoboa kutoka ndani, ingawa imani hiyo ni ya kale kiasi kwamba Wababeli waliiandika kwenye vigae vya udongo. Kinywa cha kila mtu kina bakteria wanaojishikiza kwenye meno na kutengeneza utando laini. Mtu akila kitu chenye sukari, bakteria hao nao huila, kisha hutoa asidi. Ndani ya dakika chache asidi hiyo hushusha kipimo cha pH cha utando hadi chini ya 5.5 hivi, na hapo enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake. Baadaye mate huja kuokoa. Huyapunguza makali ya asidi na kurudisha madini yaliyotoka, kazi inayoweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima. Floraidi ikiwepo kinywani, hata kwa kiasi kidogo, madini hurudi upesi zaidi, na enameli iliyokarabatiwa hustahimili asidi kuliko ile ya mwanzo. Jino basi hupoteza na kupata kutwa kucha, na tundu hutokea pale hasara inapozidi kwa miezi mingi mfululizo. Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa, mara nyingi karibu na ufizi. Doa hilo haliumi, na bado linaweza kupona. Uso wa enameli ukishabomoka na kuwa shimo, hakuna kitu cha kupaka wala kusukutua kitakacholijaza tena.

Jambo ambalo mabango ya kukataza sukari husahau kulisema ni mara ngapi sukari huliwa. Katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Uswidi, kuanzia 1945 hadi miaka ya mwanzo ya 1950, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna tofauti, wengine pamoja na mlo, wengine kwa peremende za kunata kati ya mlo na mlo. Ulikuwa utafiti wa aibu, kwani watu wale hawakuombwa idhini na meno yao yaliharibiwa makusudi. Hata hivyo ulichoonyesha hakijapinduliwa hadi leo. Sukari iliyoliwa pamoja na chakula ilidhuru kidogo tu, ilhali peremende zilizonata menoni siku nzima ziliozesha meno kwa kasi kubwa. Sababu ni zile dakika za mate. Anayekula sukari mara 3 kwa siku hulipatia jino muda wa kujirekebisha. Anayeila mara 9 halipatii nafasi hata kidogo, ingawa jumla ya vijiko inaweza kuwa sawa.

Sasa tazama jinsi sukari inavyouzwa Dandora. Uchumi wa kadogo, ambao umewasaidia maskini wa Nairobi kuishi kwa mafuta ya shilingi 20 na unga wa kupimiwa, umeikata sukari pia vipande vidogo. Asubuhi kuna chai ya vijiko 3 na mandazi. Langoni mwa shule kuna peremende za bei ya sarafu moja, mabuyu yaliyopakwa sukari na rangi, barafu za rangi kwenye vifuko vya plastiki na miwa iliyokatwa vipande. Jioni kuna chai tena, na mtoto akilia usiku kuna mzazi anayemtuliza kwa chupa yenye chai ya sukari. Mtoto wa mtaa wa matajiri huenda akala sukari nyingi kuliko huyu, tena kwa donge moja la keki na barafu ya maziwa baada ya chakula. Mtoto wa Dandora huipata kidogo kidogo tangu asubuhi hadi alale, na kwa jino hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote. Kwa hiyo mtu anayewatazama watoto hawa na kusema wazazi wao ni wazembe hajauelewa ugonjwa. Bei na vipimo vya soko la mtaa wenye kipato cha siku ndivyo vinavyopanga saa za asidi kinywani mwa mtoto.

Soko hilohilo ndilo linaloamua tiba. Jino likianza kuuma, kituo cha kwanza ni duka la dawa, ambako tembe za maumivu huuzwa moja moja. Maumivu hutulia, tundu huendelea. Wengine huongezewa viuavijasumu, ambavyo haviwezi kuziba shimo wala kuponya neva iliyooza, na hutumika ipasavyo pale tu usaha unapoenea usoni au homa inapopanda. Wiki kadhaa baadaye maumivu hurudi na uvimbe, na hapo uamuzi unakuwa mmoja tu: jino ling'olewe. Kung'oa kunagharimu kiasi kidogo kuliko kuziba, na kuziba kiasi kidogo kuliko kutibu mzizi, na kila ngazi ya gharama humsukuma mwenye kipato kidogo kwenda kwenye koleo. Hakuna ujinga katika uamuzi huo. Baba mwenye shilingi chache na mtoto anayelia usiku kucha anafanya hesabu sahihi kwa fedha alizo nazo. Kosa liko kwa mfumo unaomkuta mgonjwa mwishoni mwa safari ya miaka miwili au mitatu, wakati hatua zote za bei nafuu zimeshapita.

Wapo watakaosema kwamba meno ya utoto yatatoka yenyewe, ya nini kuyagharamia. Hoja hii inasikika kila mahali na inahitaji kujibiwa kwa makini, kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake. Ni kweli jino la utoto hutoka. Lakini gego la utoto halitoki hadi mtoto awe na miaka 10 hadi 12 hivi, na likioza akiwa na miaka 4, hiyo ni miaka mingi ya kuumia. Likitolewa mapema, meno ya jirani huegemea pengo na kulibana jino la ukubwani linalokuja. Lililo kubwa zaidi, na ambalo wazazi wengi hawaambiwi, ni kwamba mtoto akifikisha miaka 6 hivi huota magego mapya 4 nyuma kabisa ya safu, bila jino lolote la utoto kung'oka kuyapisha. Kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, mzazi hudhani nayo ni ya utoto. Hayo ni ya maisha. Yana mifereji mirefu juu ambamo chakula hukwama, mswaki wa mtoto hauyafikii vizuri, na huota katika kinywa ambacho tayari kimejaa bakteria wa meno yaliyooza. Mtu mzima asiye na magego ya nyuma, ukimuuliza, mara nyingi atakuambia yaling'olewa akiwa bado shule ya msingi.

Kuhusu matundu yaliyokwisha kufunguka, kuna njia ambayo haina budi kutufaa, maana ilianzia kwa jirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila mashine ya kutobolea. Walitumia vijiko vidogo vya chuma kuondoa sehemu laini iliyooza, kisha wakajaza shimo kwa saruji maalumu ya meno ambayo hujishika yenyewe kwenye jino na kutoa floraidi polepole. Haihitaji umeme wala maji ya bomba, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu kinywa. Si ya miujiza. Katika meno ya ukubwani ujazo wa tundu la uso mmoja hudumu vizuri, lakini tundu linalokula nyuso mbili za jino husumbua zaidi. Hata hivyo kwa gego la mtoto wa miaka 7 lenye tundu dogo juu yake, ndilo jawabu hasa. Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa kwa brashi ndogo juu ya tundu na kuzuia uozo usiendelee. Mnamo 2021 dawa hiyo, ile saruji na dawa ya meno yenye floraidi ziliingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, orodha ambayo nchi huitumia kuamua nini kisikosekane katika vituo vyake.

Kasoro ya dawa ile ya kupaka ni kwamba hulifanya tundu kuwa jeusi daima. Mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla, na kwa meno ya mbele ya msichana anayekaribia kubaleghe huenda akakataa. Kwa gego la utoto lililofichika, jeusi lisilouma ni bora kuliko la kahawia linalokosesha watu usingizi. Hoja yangu hapa ni ya kiutawala zaidi kuliko ya kitabibu. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, huduma za vituo vya ngazi ya chini zinatakiwa kugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Kuziba jino kwa mkono na kupaka dawa hiyo ni huduma za msingi kwa maana yoyote ile ya neno. Ziandikwe kwa majina katika orodha ya malipo ya vituo vya afya vya Dandora, na maofisa wa afya ya kinywa wanaofunzwa katika chuo cha KMTC waajiriwe huko kuzifanya. Jino likishaandikwa kwenye orodha, kituo kina sababu ya kuliziba badala ya kuliandikia rufaa ya kwenda hospitali ya Mama Lucy.

Tukirudi shuleni, ushahidi ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mnamo 2003 watafiti wa Cochrane walijumlisha majaribio zaidi ya 60 ya dawa ya meno yenye floraidi kwa watoto na kukuta kwamba ilipunguza uozo kwa takriban robo, ikilinganishwa na dawa isiyo na floraidi. Robo yaweza kuonekana ndogo. Lakini walikuta pia kwamba manufaa yaliongezeka pale ambapo watoto walipiga mswaki wakisimamiwa na mtu mzima, na pale ambapo hali ya awali ilikuwa mbaya zaidi. Ufilipino ilianza mpango wa namna hii mwishoni mwa miaka ya 2000. Watoto wa shule za msingi hunawa mikono na kupiga mswaki pamoja kila siku, na kupewa dawa za minyoo mara 2 kwa mwaka, chini ya walimu wao wala si madaktari. Uskoti hufanya vivyo hivyo katika shule za chekechea kupitia mpango wa Childsmile, na wachumi waliopiga hesabu zake, wakazichapisha 2015, walikuta kwamba kufikia mwaka wa 8 fedha zilizookolewa katika matibabu ya watoto zilizidi gharama ya mpango zaidi ya mara mbili na nusu. Nchi tajiri imeona faida ya kugawa miswaki. Sisi ambao tiba yetu ni koleo tuna sababu kubwa zaidi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa walimu, na nawaelewa. Mtaala umewabebesha kazi za miradi na ripoti zisizokwisha, madarasa yana watoto wengi, na sasa mtu anataka wasimamie vinywa. Ndiyo maana mpango usianze kwa kuwaongezea somo. Uanzie kwenye chekechea, ambazo Katiba ya 2010 iliziweka mikononi mwa kaunti, na ushikamane na mlo ambao tayari unasimamiwa na watu walioajiriwa. Baada ya kula, kila mtoto apewe mswaki wenye jina lake na dawa kiasi cha punje ya njegere, au punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, apige mswaki dakika 2 na ateme. Asisukutue. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini kusukutua kwa maji huiosha floraidi kabla haijafanya kazi. Hapo tumejibu pia pingamizi la maji, kwa sababu mpango huu hutumia maji ya kuosha miswaki tu. Wanaohofia miswaki kuchanganyika na kuambukiza magonjwa wako sahihi kuhofia. Suluhisho lake ni kishikio cha ukutani chenye matundu yenye nambari na nafasi kati ya mswaki na mswaki, jambo ambalo fundi yeyote wa jua kali anaweza kulitengeneza.

Pingamizi zito zaidi ni lile la floraidi yenyewe. Wakenya wengi wameona watu wenye meno ya kahawia kutoka sehemu za Bonde la Ufa, na wameambiwa ni floraidi iliyofanya hivyo. Wameambiwa kweli. Ule uchunguzi wa 2015 ulikuta madoa ya aina hiyo kwa watoto wapatao 4 kati ya 10 nchini. Lakini madoa hayo hutokana na kumeza floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa wakati meno yangali yanajiunda ndani ya ufizi, kwa jumla kabla ya mtoto kufika miaka 8. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka hasa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, na Sasumua, yote yakilishwa na mito ya milima ya Aberdare ambayo ina floraidi kidogo. Visima virefu ni habari nyingine. Miamba ya volkeno iliyo chini ya jiji hutoa floraidi, na visima vingi vya Nairobi huzidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mkazi wa Dandora ambaye mgao wa maji humlazimu kununua mitungi ya lita 20 ana haki ya kujua kama mtungi ule umetoka bomba au kisima, na kaunti ichapishe vipimo vya visima vinavyouzia watu maji. Kuitupa dawa ya meno kwa sababu hiyo kungekuwa kumwadhibu asiye na kosa. Dawa hufanya kazi juu ya jino na kutemwa, na kiasi cha punje ya njegere ndicho kinachomlinda mtoto asimeze nyingi.

Kuna pia wanaosema kwamba babu zetu walitumia mswaki wa mti, majivu au chumvi na meno yao yakadumu. Mswaki wa mti ni kifaa kizuri. Nyuzi zake huondoa utando vizuri mikononi mwa anayejua kuutumia, na hakuna sababu ya kumkataza mtu aliyeuzoea. Lakini babu hakunywa soda wala kununua peremende langoni mwa shule. Kinywa chake hakikuwa na vipindi 9 vya asidi kwa siku, kwa hiyo usafi pekee ulimtosha. Majivu na makaa husugua tu, tena kwa ukali unaoweza kulimomonyoa jino. Vilevile dawa za meno za miti shamba zinazouzwa madukani kwa sifa nyingi, iwapo hazina floraidi, zinasafisha pumzi zaidi kuliko zinavyolinda jino. Atakayenunua asome ubavuni mwa boksi: floraidi iwe imeandikwa, na kiwango kiwe kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni.

Na kwa nini tusipige marufuku wauza peremende langoni? Kwa sababu wengi wao ni akina mama wanaowasomesha watoto katika shule hiyohiyo, na kuwafukuza na askari wa kaunti ni kuhamisha peremende hatua 50 barabarani. Njia nzuri zaidi iko kwenye ushuru. Sheria ya Fedha ya 2018 iliweka ushuru kwa peremende kwa uzito wake, hatua ambayo angalau ina mantiki. Lakini jedwali la Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 liliweka maji ya chupa na soda katika fungu moja, kwa kiwango kimoja cha shilingi 5 kwa lita. Fikiria hilo kidogo: serikali iliyatoza maji safi sawasawa na kinywaji ambacho chupa yake ya mililita 300 ina vijiko vya chai karibu 8 vya sukari. Afrika Kusini, tangu Aprili 2018, hutoza kwa gramu za sukari zinazozidi 4 katika kila mililita 100, hivyo kiwanda kikipunguza sukari hulipa kidogo. Hilo ni la Hazina ya Kitaifa na Bunge, na litachukua muda. Miswaki haihitaji kulisubiri.

Udhaifu mmoja wa pendekezo hili sina budi kuukubali. Watoto wengi wa Dandora husoma katika shule ndogo za kibinafsi za mitaani, zile za karo ya chini, ambazo Dishi na County haikuziweka mbele. Mpango ukibaki kwenye shule za umma, wale walio katika majengo ya mabati watabaki nje ya uzio. Jibu langu ni kwamba miswaki ni rahisi kuigawa kuliko chakula. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa Septemba 2023 wanazunguka mitaa hii nyumba kwa nyumba. Wanaweza kupeleka miswaki na dawa katika shule hizo, na wakiwa majumbani wamwinue mtoto mdomo wa juu kutazama doa jeupe karibu na ufizi, jambo lisilohitaji kifaa chochote. Atakayeonekana na doa aelekezwe kituo cha afya wiki hiyohiyo, kabla doa halijawa shimo.

Mzazi naye ana yake ya kufanya kabla mpango wowote haujaanza. Sukari ya mtoto iwekwe pamoja na mlo, si kati ya milo. Chupa ya usiku iwe na maji. Mswaki wa mwisho upigwe kabla ya kulala, kwa sababu usingizini mate hupungua na jino hubaki bila mlinzi, na hadi mtoto afike miaka 7 au 8 mzazi amsaidie kushika mswaki. Jino likiwa na doa au tundu lisilouma, huo ndio wakati wa kwenda kliniki, maana kutouma mara nyingi humaanisha bado linazibika.

Agosti 2027 wakazi wa wadi za Dandora Area I, II, III na IV watawachagua wawakilishi wao katika bunge la kaunti, ambalo ndilo hupitisha bajeti ya chekechea na ya vituo vya afya. Atakayekuja kuomba kura aulizwe ni kiasi gani alitenga kwa miswaki ya chekechea, na ni siku gani za wiki kituo cha afya cha wadi yake huziba meno. Asiye na jibu asipewe kura.